Mashine ya kupuliza majani uani Kizingo: kisa kimoja, na ombi kwa kaunti

Mti ulioleta yote haya ni mkungu. Umesimama katikati ya ua wetu hapa Kizingo tangu kabla ya jumba lenyewe kujengwa. Tabia ya mkungu anaijua kila aliyelelewa Mombasa: hukaa kimya miezi, kisha majani yakageuka mekundu kama kutu, na ndani ya wiki mbili tatu ukayamwaga yote, mapana kama viganja viwili vilivyounganishwa. Siku hizo kabro ya uani haionekani. Kunguru nao hulala humo juu, kwa hivyo kinachoanguka si majani peke yake.

Kwa miaka mingi ua huu ulifagiwa na watu wawili. Mmoja ni mzee wa bustani, anayekuja kila siku kutoka Kisauni. Wa pili alikuwa mama aliyevuka kwa feri kutoka Likoni siku tatu kwa wiki, akifika na fagio lake mwenyewe la chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi, kwa sababu hakuyaamini yanayonunuliwa na ofisi. Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado yavuma na mkungu umeanza kupukutika, ajenti anayesimamia jumba akaleta mashine ya kupuliza majani. Ya petroli, ya kubeba mgongoni. Wafanyakazi wanaiita blowa. Mama wa Likoni akaambiwa apumzike mpaka atakapoitwa. Hajaitwa.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikuwa ndani yake. Mimi ni katibu wa kamati ya wakaaji, barua zote zilipita mkononi mwangu, na msimamo nilioanza nao sio nilio nao leo. Swali lililo nyuma yake ni la mji mzima: Mombasa iziwekee mipaka mashine hizi, au iziache zienee kama zilivyoenea jenereta?

Jumamosi ya kwanza

Nyuma ya ukuta wetu pana chuo. Watoto husoma Kurani humo jioni siku za shule, na Jumamosi husoma asubuhi. Sauti zao tumezizoea kama tulivyozoea adhana; ukizisikia wajua ni Jumamosi, basi.

Siku ile mashine iliwashwa saa mbili kasorobo. Nilikuwa roshani, ghorofa ya pili, na chai yangu. Ikakohoa mara mbili, ukatoka moshi wa buluu, kisha ikalia mlio mmoja mrefu usiopanda wala kushuka. Mzee akasogea nayo taratibu kutoka langoni hadi shinani mwa mkungu. Majani yakatimka. Nyuma ya majani likatimka vumbi, likapanda mpaka kwenye kamba za nguo za ghorofa ya kwanza, likavuka ukuta.

Baada ya dakika chache nikatambua kwamba sauti za watoto zimekatika. Maalim alikuwa amefunga madirisha na bado hawasikilizani. Akaja mwenyewe langoni, ameinua kanzu kidogo isiguse takataka, akatoa salamu, akangoja mashine izimwe. Hakugomba. "Mzee wangu, tupe saa moja tu, watoto wamalize." Mzee akamjibu kwa upole kwamba ameagizwa awe amemaliza kabla ya saa tatu, kwa maana ajenti atapita. Wakaagana kwa heshima, na mashine ikawashwa tena.

Kabla ya wiki kwisha nilikuwa na malalamiko manne. Mama mwenye mtoto mchanga. Kijana anayefanya zamu ya usiku bandarini, ambaye usingizi wake ni wa asubuhi. Jirani aliyelazimika kufua mara mbili. Na mzee mwenye pumu wa ghorofa ya kwanza, ambaye hakuandika chochote. Binti yake ndiye aliyenishika ngazini akanieleza.

Kelele yenyewe, na sheria inavyosema

Nilipima kwa programu ya simu. Roshani kwangu, mashine ikiwa uani, nilipata kati ya desibeli 74 na 79. Simu si kifaa cha kupelekea mahakamani, nalijua hilo. Lakini Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, na kiwango cha juu kwa nje ya nyumba za kuishi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, mchana ukihesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidi mara 10. Hata nikiitoa makosa simu yangu na kusema ni 70, ile ni nguvu mara 100 ya iliyoruhusiwa.

Kuna kifungu katika kanuni hizo ambacho nilikisoma mara tatu, kwa sababu kinagusa kisa chetu kuliko hesabu yoyote. Ili kuamua kama kelele ni ya kupita kiasi, kanuni zataka uangalie saa inayopigwa, ukaribu wake na makazi, kama yajirudia, ukali wake, kama imekuzwa kwa mtambo, na mwisho kabisa: kama anayeipiga angeweza kuizuia bila taabu wala gharama isiyo na kiasi. Hapo mwisho ndipo nilipokwama, maana ndani ya stoo yetu, hatua tano kutoka pale mashine inapowekwa, mlikuwa na mafagio sita ya chelewa.

Watu hudhani kinachosumbua ni sauti tu. Injini ya mashine hii ni ya aina ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, ndugu ya pawasoo na ya mashine nyingi za boti za wavuvi wetu. Ni nyepesi na ina nguvu, ndiyo maana yapendwa, lakini haichomi vizuri. Karibu thuluthi moja ya mafuta hutoka bila kuungua sawasawa. Bodi ya hewa ya jimbo la California imepiga hesabu kwamba kuendesha mashine kubwa ya namna hii saa moja hutoa uchafu unaozaa ukungu wa moshi wa mijini sawa na gari dogo, Toyota Camry ya 2017, likiendeshwa maili 1,100, yaani kama kilomita 1,770. Nimejaribu kuiweka kwenye barabara yetu: watoka Mombasa mpaka Nairobi, warudi, waenda tena, na ukirudi mara ya pili wafika Voi. Hesabu hiyo ni ya moshi wa aina hiyo pekee, haihusu kila kitu kitokacho kwenye bomba la gari. Lakini moshi huo ndio unaoingia dirishani kwa mwenye pumu.

Halafu vumbi. Upepo wa mdomoni mwa mashine hupita kilomita 200 kwa saa. Fagio lasukuma jani na kuliacha vumbi chini. Mashine haina uchaguzi huo. Yapeperusha jani pamoja na kinyesi cha kunguru kilichokauka, cha paka, mchanga wa barabarani, vyote vikafanywa unga na kutiwa hewani kimo cha pua ya mtoto. Na vikishapaa havipotei. Jioni yake nilipitisha kidole juu ya meza ya roshani kikatoka cheusi.

Mzee wa bustani

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaiandika barua ya kutaka mashine iondolewe kabisa. Kabla ya kuipeleka nikateremka nimsomee mzee, kwa sababu niliona haya kumwandikia mtu jambo la kazi yake bila yeye kulijua. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, chini ya mkungu, anakunywa chai ya rangi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, weye waona kelele. Miye naona mgongo."

Akanionyesha. Akachukua fagio la chelewa, akainama lilivyomtaka ainame, akatembea hivyo hivyo kutoka kwenye ndoo hadi ukutani na kurudi, akiwa amekunjika kama herufi. "Hapa mpaka langoni, mara ngapi? Zamani tulikuwa wawili. Sasa mama hayuko." Kwa fagio, ua mzima peke yake ni saa tatu wakati wa mkungu. Kwa mashine ni dakika 40. Aliyemwondolea uchungu wa kiuno, akaniuliza, amlaumu kwa lipi?

Sikuwa na jibu. Ila nikiwa pale nikaona mambo mawili. Kikombe alikishika kwa mikono yote miwili, na bado chai ilikuwa inatikisika. Mitetemo ya mashine ilikuwa haijamtoka viganjani. Na masikioni alikuwa ametia pamba, pamba ya kawaida ya dukani, ameisokota. Mara mbili alinitaka nirudie nilichosema, na mimi sisemi chini.

Sikioni mwa anayeibeba, mashine ya petroli mara nyingi hupita desibeli 90. Sheria ya Kenya ya kelele kazini, ya mwaka 2005, imeweka 90 kuwa mpaka wa mtu kukaa nao saa 8 kwa siku. Taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi yashauri 85 kwa saa 8, na kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka, muda ukatwe nusu. Kwa kipimo hicho, desibeli 100 ni za dakika 15 tu. Pamba ya dukani haizuii chochote cha maana. Vizibio halisi vya masikio ni wajibu wa mwajiri, na ajenti alinunua mashine bila kununua vizibio.

Hapo ndipo nilipoichana barua yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kama kwamba ugomvi ni baina ya sisi wakaaji na mtu anayetupigia kelele. Kumbe aliyeumia zaidi ndiye aliyeishika. Mashine iliondoa mshahara wa mtu mmoja, mzigo wake ukatuliwa juu ya masikio na mikono ya mwenzake, na ile nafuu ya mgongo, ambayo ni ya kweli, ndiyo bei aliyolipwa akubali. Nafuu hiyo ingepatikana kwa njia nyingine. Hakuna aliyeitafuta, kwa sababu fagio fupi lilikuwa halimuumi ajenti wala halikuniuma mimi.

Kikao, na mwezi wa majaribio

Kikao kilikuwa kirefu. Ajenti hakuwa mtu mbaya na hoja zake nilizipokea: mashine imeshanunuliwa, ada ya huduma wakaaji hawataki ipande, na mji wenyewe wa kelele. Matatu zina muziki, tuk-tuk zina honi, jenereta zanguruma kila stima ikipotea. "Mwaanza na majani?" akauliza.

Nilimjibu, na jibu hilo bado naliamini, kwamba twaanza na kelele ambayo haimlishi mtu. Mwenye tuk-tuk ukimzuia umemnyima chakula. Jenereta huokoa samaki kwenye friji. Jani la mkungu likilala uani mpaka saa nne hakuna aliyekufa njaa.

Tukakubaliana mwezi mmoja. Mashine isiwashwe kabisa Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine iwe saa nne hadi saa sita mchana, tena kwa nguvu ndogo. Vizibio vinunuliwe. Mafagio mawili yafungwe mipini mirefu, na reki pana. Chini ya mkungu penyewe tukachora duara kwa mawe ya matumbawe, majani ya ndani ya duara yasiguswe. Yalindie mti unyevu, maana udongo wetu hapa ni mchanga na maji hayakai. Suala la mama wa Likoni liliahirishwa kwa sababu ya bajeti. Nilikubali kuahirisha, na hilo nalijutia. Nilipaswa kulishikilia pale pale, watu wakiwa wameketi.

Mashine ilitumika mara tatu, labda nne. Kisha masika ikaingia. Jani la mkungu likilowa hugandamana na kabro kama karatasi yenye gundi, na hapo mashine hulia kwa nguvu zake zote jani likabaki pale pale. Mzee akalirudia fagio, hili la mpini mrefu. Akisimama wima, na duara la mti halifagiwi, ua sasa wamchukua saa moja na nusu. Mashine ikabaki stoo, na hakuna aliyeiulizia.

Ningetamani kisa kiishie hapo. Lakini kusi ilipokaza, jumba la upande wa pili wa ukuta nalo likanunua mashine, kubwa kuliko yetu, na wao hupuliza alfajiri kabla ya watu kwenda kazini. Upepo watoka kwao kuja kwetu. Ua wetu wafagiwa kwa fagio na vumbi la jirani laushukia. Nilikwenda kwao na nakala ya makubaliano yetu. Wakanikaribisha, wakanipa soda, wakaniambia kila jumba na utaratibu wake. Chuo sasa kina mashine upande mmoja badala ya mwingine.

Kwa nini naona kaunti iingie

Makubaliano ya majirani yana mwisho wake, na mwisho huo ni ukuta. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kaunti haihitaji kuingoja serikali kuu Nairobi. Na Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, bila kusema kwamba ni ya mwenye jumba peke yake.

Wengine wamepita njia hii kabla yetu. Mji mdogo wa Carmel-by-the-Sea, California, ulipiga marufuku mashine hizi mwaka 1975. Washington, mji mkuu wa Marekani, ilizuia za petroli kuanzia Januari 2022. California ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha uuzaji wa injini ndogo mpya za namna hii kuanzia 2024, na ikatenga dola milioni 30 kuwasaidia watunza bustani wadogo wabadilishe vifaa.

Kinachonifundisha zaidi ni cha Los Angeles. Wao walipozuia za petroli karibu na nyumba, watunza bustani, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, waligoma kula mbele ya makao ya serikali ya mji Januari 1998. Walikuwa wakisema kile alichoniambia mzee akiwa ameketi juu ya ndoo. Sheria ikabaki, utekelezaji ukalegea. Mji uliwakataza chombo bila kuuliza mgongo utakuwaje, kisha ukashangaa kwamba hawatii.

Kwa hivyo ninachoitaka kaunti kiko hivi. Za petroli zizuiwe katika maeneo ya makazi, na karibu na hospitali, shule na vyuo, baada ya muda wa mwaka mmoja wa kujipanga. Ndani ya mwaka huo saa ziwe chache na zijulikane. Hoteli za Nyali na Bamburi zenye viwanja vikubwa zinaweza kuhamia za betri, ambazo hazina moshi uani na sauti yake ni ndogo, ingawa vumbi ni lile lile, kwa hivyo nazo zisipulize kuelekea barabarani wala kwa jirani. Faini impate mwenye jumba au kampuni inayolisimamia. Isimguse aliyebeba mashine. Askari wa kaunti asimkamate mzee wa watu na kumwacha aliyemtuma.

Wapo watakaosema tungoje mpaka tatizo likue. Mimi naona huu ndio wakati, zikiwa bado za kuhesabika. Mifuko ya plastiki tuliiacha ikajaa mitaro mpaka marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, na kila mtu akakumbuka shida ya wiki zile za kwanza. Ila kikapu kilikuwako, tukakirudia. Chelewa nazo ziko, minazi haijaisha.

Barua ya pili, hii ya kwenda kaunti, nilimsomea mzee kabla ya kuitia sahihi, pale pale chini ya mkungu. Alitikisa kichwa kwa kila kipengele. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akanitaka niongeze mstari mmoja: kazi ikirudi kwa fagio, saa zinazoongezeka zilipwe, na aliyeondolewa aitwe. Nikaandika kwa mkono pembeni, kwa kuwa nafasi ya chini ilikuwa imekwisha, nikaipeleka hivyo hivyo. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko kwenye faili ya kamati. Mama wa Likoni nimempigia simu nikamwambia jina la kazi yake limo ndani.